Wiki Ijayo

Kwenye jalada niliandika: "Mtoto ameunganishwa na familia. Ufuatiliaji unaendelea." Msimamizi akasaini, jalada likarudi kabatini.

Sisi maafisa ustawi wa jamii tunaandika kila siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutwika taarifa za uchunguzi zinazokwenda mahakamani, na mkono ukishazoea lugha hiyo, mwandishi hutoweka. Mtoto "alipatikana", familia "ilielimishwa". Nani alimpata, nani aliielimisha, haisemwi.

Mwaka jana mama mmoja aliyestaafu kazi hii alianza kutukaribisha barazani kwake, hapa Nangara. Alhamisi jioni, maafisa watatu, kila mmoja na daftari lake. Nikasoma habari za yule mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na wewe mwanangu, ulikuwa wapi siku hiyo?"

Nilikuwa mlangoni. Bibi yake ameshika chandarua nilichompelekea, ananiuliza nitarudi lini. Nikamwambia wiki ijayo. Mafuta ya pikipiki yakakosekana, kisha vikao, kisha nikasahau. Niliporudi ilikuwa imepita miezi miwili, na mtoto alishaondoka. Mara ya mwisho alionekana stendi ya Babati, ambako kuna mabasi ya Arusha, ya Singida, ya Dodoma. Mpaka leo hatujampata.

Nikaandika upya, yote. Safari hii mama akakunja uso. "Nangara ni ndogo. Ukitaja bati la bluu na mpapai, kesho sokoni watamnyooshea kidole bibi wa watu." Nilikuwa nimebadilisha jina, nikadhani inatosha. Akaniambia nifute kila kinachomtambulisha mtoto, nisifute chochote kinachonigusa mimi. Kwa hiyo hata bati, mpapai na chandarua mnavyovisoma hapa si vyenyewe.

Kabla ya kuituma habari hii nilikwenda kwa bibi, nikaamkia, nikamsomea. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hapo pa wiki ijayo, mjukuu wangu, usipaondoe."

Sikupaondoa. Na siku hizi kwenye kila jalada naandika tarehe niliyoahidi kurudi, chini yake tarehe niliyorudi. Msimamizi aliniuliza hizo ni za nini. Nikamjibu ndio ufuatiliaji wenyewe.