Nukta tisa za baba mkubwa

Wiki iliyopita nilikuwa Ndalambo, wilayani Momba, kumsalimia baba mkubwa. Jioni nikamfungulia kwenye laptopu picha za setilaiti za Google Earth, zile zinazoonyesha ardhi mwaka hadi mwaka tangu 1984. Tukatafuta Tunduma. Mwanzoni ni kamji kadogo kando ya reli ya TAZARA, mpakani na Zambia. Ukisogeza miaka mbele, mabati yanatambaa na kumeza mashamba. Sensa nazo zinasema hivyo hivyo: 2012 watu hawakufika 100,000, 2022 walizidi 200,000.

"Hebu rudisha nyuma," mzee akasema. Akaweka kidole pembeni mwa mji. Hapo zilikuwa ekari zake mbili za mahindi, alizouza nilipokosa mkopo wa chuo.

Kwenye picha za Landsat nukta moja ni mita 30 kwa 30. Nikapiga hesabu: ekari mbili ni nukta tisa. Mwaka 2014 zina rangi ya shamba, leo zina rangi ya bati.

Wadau, nimeshaandika mara ngapi gazetini kwamba "mji unakua kwa kasi"? Sikuwahi kuuliza nani aliuza, na kwa ajili ya nani.