Tafakari ya Juma: Maji ya Moto ya Unzen



Wengi wenu mmeniuliza, baada ya Misa na hata katika jumuiya ndogo ndogo, safari yangu ya Japani ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa maneno mawili matatu: nzuri, baridi, chakula kidogo kidogo. Majibu hayo si uongo, ila yamenikinga nisiseme lililonipata huko. Juma hili nimeona niliandike. Mama yangu, ambaye jambo hili linamhusu kuliko linavyonihusu mimi, nimemsomea kwanza, naye ameniruhusu, kwa sharti moja mtakaloliona mbele.

Tulisafiri mwezi wa Novemba 2025, mimi na Mama, kwenda kumtembelea mdogo wangu wa mwisho, aliyeolewa na Mjapani na anayeishi Fukuoka. Mama ana miaka 74 na hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Siku ya tano mdogo wangu akatuambia kwamba ametuwekea nafasi ya kulala usiku mmoja katika riokani, yaani nyumba ya wageni ya kijadi, kwenye chemchemi za maji ya moto za Unzen, katika mkoa wa Nagasaki. Alipolitaja jina hilo nilimtazama usoni, naye akatazama pembeni.

Sina budi kueleza sababu. Mwaka 2012, nikiwa na miaka mitatu tu ya upadre, mdogo wangu aliniandikia kwamba amepata mchumba asiyebatizwa, kijana aliyekuja nchini kwetu kujitolea kufundisha hesabu katika shule ya sekondari. Kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa inasema ndoa ya namna hiyo ni batili kizuizi kisipoondolewa, na Askofu anaweza kukiondoa kwa masharti yanayofahamika. Nilifundishwa hayo seminarini na mtihani wake niliufaulu. Ningeweza kumsaidia kujaza fomu. Badala yake nilimwandikia barua ya kurasa nne, na ndani yake nikawaita mashahidi wa Japani waje kumhukumu ndugu yangu wa damu. Nilimkumbusha habari za Wakristo waliokubali kuunguzwa kwa maji ya Unzen kuliko kuiacha imani, kisha nikamwuliza yeye anaiuza yake kwa bei gani. Arusini sikwenda. Wakafunga ndoa ya serikali, na tangu hapo mdogo wangu, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya yetu ya vijana, amekuwa akihudhuria Misa bila kukomunika. Barua ile hakuijibu. Kuanzia mwaka huo hakuniita Kaka tena. Ameniita Padre, kama mnavyoniita ninyi.

Habari za mashahidi nilizomwandikia zilikuwa za kweli, na ndiyo maana zilimuumiza. Ukristo ulipigwa marufuku nchini Japani mwaka 1614, na amri hiyo ikadumu hadi mwaka 1873. Mtawala wa Shimabara, Matsukura Shigemasa, aliwapeleka Wakristo mlimani Unzen, ambako maji huchemka yenyewe ardhini, wakavuliwa nguo na kuteswa kwa maji yale. Mwenyeheri Paulo Uchibori Sakuemon aliuawa hapo pamoja na wenzake tarehe 28 Februari 1627. Juma moja kabla yake, wanawe watatu walikatwa vidole na kuzamishwa baharini, baba akitazama. Mdogo wao, Ignasi, alikuwa na miaka 5. Kanisa liliwatangaza kuwa wenyeheri, miongoni mwa mashahidi 188, katika Misa iliyoadhimishwa Nagasaki tarehe 24 Novemba 2008. Mtaona basi kwamba baba yule, ambaye nilimtumia kama fimbo, alikuwa mtu aliyefiwa na watoto wake.

Twende sasa kwenye riokani. Mlangoni unavua viatu, na tangu hapo viatu si vyako tena mpaka utakapoondoka. Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa kimono, alipiga magoti kutupokea, jambo lililomfanya Mama naye ainame na kuinama tena, hata nikadhani wangekesha hapo. Chumba kilikuwa kitupu: sakafu ya mikeka minene ya tatami, meza fupi, chai na kitafunio kitamu kimoja kimoja. Vitanda hakuna. Wakati wa chakula cha jioni, ambacho huletwa katika visahani vingi kana kwamba kila samaki ana mwaliko wake, wahudumu huingia wakatandika magodoro yao ya futoni, nanyi mnalala chini, familia nzima, chumba kimoja.

Kila mgeni hupewa yukata, joho jepesi la pamba la kuvaa ndani ya nyumba. Mama alilivaa mwenyewe, akatoka kwa madaha, mhudumu akashtuka. Upande wa kushoto huja juu ya upande wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama wanavyovishwa maiti. Shemeji alipomtafsiria, Mama akasema, "Mwambie bado, kidogo tu," akageuza joho lake huku akicheka.

Kicheko kiliisha tulipoelezwa taratibu za kuoga. Wanaume na wanawake wana bafu zao mbalimbali, hilo halikuwa na shida. Lakini kila mmoja huingia uchi, pamoja na wengine, baada ya kuketi kwenye kigoda na kujisafisha kwa sabuni hadi asibaki na povu. Nguo haiingii majini. Kitaulo kidogo unachopewa hukiweka kichwani. Mama alikuwa ameleta kanga mbili kwa ajili hiyo hiyo. Kwetu mama mzee havui mbele ya binti yake. Nilimwambia kwamba anaweza kubaki chumbani asali rozari yake, na nilidhani namwokoa. Akaitazama ile kanga, akamtazama mjukuu wake wa miaka 8 aliyekuwa akimvuta mkono, akasema kwamba amezaa watoto sita katika hospitali ya misheni na hajui alichobakiza. Akaenda nao. Medali yake ya fedha ya Bikira Maria alikataa katakata kuivua, ingawa ilielezwa kwamba maji yale yana kiberiti na huiharibu fedha.

Mimi nikaingia upande wa wanaume pamoja na shemeji. Ndugu zangu, tangu nipewe daraja ya upadre ni nadra kuingia mahali nisiletewe kiti. Pale nilikuwa mwili wa mtu wa makamo mwenye kitambi, na hakuna aliyejua kama mimi ni nani. Nilikaa kwenye kigoda kinachomfaa mtoto, nikajimwagia maji kwa ndoo ndogo. Shemeji, aliyekuwa kwenye kigoda cha jirani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole kama angeweza kuniosha mgongo. Ni desturi yao: mtoto humwosha mzazi, rafiki humwosha rafiki. Kila Alhamisi Kuu nawaosha miguu waumini kumi na wawili, na nimehubiri mara nyingi juu ya Mtume Petro aliyekataa kuoshwa, nikimwona kuwa mtu wa ajabu kidogo. Pale kigodani neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa hapana. Mtu huyu sikuwa nimemwandikia hata salamu ya Krismasi. Nikamgeuzia mgongo, akaniosha kwa utaratibu, kama anayesafisha ubao wa darasani, kisha akanimwagia maji.

Tukatoka nje, kwenye bwawa la mawe lililo chini ya anga wazi. Hewa ilikuwa ya baridi kama asubuhi ya Julai kwetu Kilimanjaro, na maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, yakinuka kiberiti. Mwanzoni hujui kama unaungua au unaganda. Baada ya dakika mbili mifupa inalegea na ulimi pia. Shemeji akaniuliza, bila hasira yoyote, ni kitu gani kilipungua mwaka ule hata Kanisa likaikataa ndoa yao. Nikamweleza ukweli: fomu kadhaa, ahadi ya mke juu ya imani yake na ya watoto, na sahihi ya Askofu. Alikaa kimya akiutazama mvuke. "Miaka kumi na tatu," akasema. "Mimi nilidhani kilichopungua ni mimi."

Sikuwa na jibu, na sikupata nafasi ya kulitafuta. Bwawa la wanawake lilikuwa nyuma ya uzio wa mianzi, na kutoka huko tulikuwa tumesikia sauti ya Mama muda wote. Alikuwa anazungumza Kichagga. Huenda hilo halikushangazi wewe unayesoma, lakini tangu arusi ile Mama alikuwa akizungumza na mdogo wangu kwenye simu kwa Kiswahili tu, Kiswahili cha heshima, kama anavyozungumza na mgeni. Sasa alikuwa anamwamuru ageuke, ainame, alete mkono, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani alipotuogesha kwenye karai nyuma ya nyumba. Mjukuu alikuwa anacheka. Kisha pakawa kimya. Kisha nikamsikia mdogo wangu akilia, si kilio cha machozi tu, kilio cha sauti, kama cha msibani.

Mwaka 2017 Mama alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Kikao cha familia kilichoamua kwamba mdogo wetu asiambiwe nilikiongoza mimi. Tulisema yuko mbali, tusimtie hofu, ana mimba, tutamwambia akijifungua. Alijifungua, hatukumwambia. Mwaka ukapita, na mwingine, hadi ikawa vigumu kusema kwa nini tulinyamaza. Tuliita huruma. Ukweli ni kwamba tulikwisha kumhesabu kama mtu aliyetoka nyumbani, na mtu aliyetoka haambiwi mambo ya ndani. Mama naye alikuwa ameshikilia ile kanga kwa sababu mbili, mimi nikaiona moja. (Sharti lake ni hili: akina mama wa WAWATA msome aya hii, kisha mwende mkapimwe. Yeye alichelewa miezi minane kwa aibu.)

Nilitaka kutoka majini nikimbilie huko, kwa mazoea ya mchungaji anayedhani kila kilio kinamwita yeye. Shemeji akaniwekea mkono begani, akatikisa kichwa. Kwa hiyo nilikaa, kitaulo kichwani, nikisikiliza kitu nisichoweza kukiingilia wala kukibariki. Kilio kilipungua polepole. Muda mrefu baadaye nikasikia maji yakimwagwa, ndoo baada ya ndoo, na Mama akisema kwa Kichagga kwamba sasa ni zamu yake, aoshwe yeye mgongo.

Chakula cha jioni tulikula bila maneno mengi. Macho ya wanawake wawili yalikuwa mekundu, na medali ya Mama ilikuwa nyeusi tititi. Usiku tulilala wote watano sakafuni, Mama katikati. Nilisikia wakinong'ona hadi usiku wa manane. Sikuwa kwenye maongezi hayo.

Asubuhi tulitembea kwenye eneo wanaloliita Jigoku, maana yake Jehanamu. Ardhi ni nyeupe na imekufa, matope yanatokota, mvuke hutoka kwenye matundu kwa joto linalofikia nyuzi 120. Volkano iliyo chini yake ingali hai. Tarehe 3 Juni 1991, siku ambayo sisi tunawaadhimisha mashahidi wa Uganda, wingu la moto na majivu liliteremka kutoka mlimani likaua watu 43. Joto linaloyachemsha matope yale ndilo lililokuwa limetustarehesha jana yake. Juu ya kilima kidogo umesimama msalaba wa kuwakumbuka mashahidi. Mama akapiga magoti kwenye kokoto, na mjukuu akapiga naye.

Mdogo wangu akasimama karibu nami. "Uliniandikia habari za mahali hapa," akasema, "lakini ulikuwa hujapaona. Nikasema nikulete."

Nilimwomba msamaha, kwa maneno mabaya kuliko yoyote niliyowahi kuyatumia mimbarini, kwa kuwa sikuwa nimeyaandaa. Nilimwambia pia kwamba fomu za kubariki ndoa yao nitazishughulikia mwenyewe na paroko wake. Ninapoandika haya zimekwisha kupelekwa, bado hazijajibiwa. Naomba sala zenu. Shemeji hajaomba ubatizo, nami sikumwuliza. Kisha nikamwomba mdogo wangu anirudishie barua ile, nikaichane.

"Hapana, Padre," akasema. "Iko ndani ya Biblia yangu, acha ikae huko."

Shemeji alikuwa amenunua mayai yaliyochemshwa kwa mvuke wa pale pale, na Mama, ambaye kwa siku sita alikuwa amekishuku kila chakula, alikuwa ameketi kwenye benchi akimenya la pili. Mdogo wangu akaenda kumshikia maganda.