Maisha Kupanda Bei: Nani Anaweza Kusubiri?



Siku hizi wakikaa watu watatu popote pale, dukani, kwenye basi au nje ya kanisa baada ya Misa, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye bei. Mafuta, sukari, unga, nauli, sabuni. Mimi ni mseminari wa falsafa na mtoto wa mkulima wa Ikungi, mkoani Singida, kwa hiyo jambo hili nimelitazama nikiwa mahali pawili. Seminarini kengele ikilia tunaingia bwaloni, chakula kipo mezani, na bei ya maharage anaijua padre mhasibu. Nyumbani bei ya maharage anaijua hata mtoto wa darasa la pili, maana ndiye anayetumwa dukani.

Tumezoea kusema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini subira nayo inahitaji kitu ndani ya nyumba. Nilichokiona kwetu ni kwamba bei haimuumizi kila mtu sawa, na anayeumia kuliko wote ni yule asiyeweza kusubiri.

Mwaka 2022 tunaukumbuka. Vita vya Ukraine vilipamba moto kuanzia Februari, na bei ya mafuta ya magari ikapanda dunia nzima. Kufikia Mei lita ya petroli Dar es Salaam ilikuwa imevuka shilingi 3,000. Mwezi huohuo nauli mpya za mabasi zilizotangazwa na LATRA zikaanza kutumika, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni ili kupunguza makali. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameshaanza kupanda tangu mwaka uliotangulia. Kisha mwishoni mwa Aprili Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese duniani, ikazuia kuyauza nje kwa wiki kadhaa. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, basi uamuzi uliofanyika Jakarta ukafika mpaka kwenye duka la kijijini kwetu, ambako mafuta huuzwa kwa kipimo.

Lakini Singida ni mkoa wa alizeti. Ukisafiri kwa barabara kuu ya Dodoma kwenda Mwanza utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia, pamoja na asali, vitunguu na kuku. Mama yangu naye analima alizeti. Hata hivyo, Januari 2023 nilipofika nyumbani kwa likizo fupi, nilimkuta akituma mtoto dukani kununua mafuta ya shilingi 500. Siku nyingi tulikula mlenda, ambao kwetu Wanyaturu ni chakula cha heshima na hauhitaji mafuta. "Frateri," mama alinitania, "mwaka huu mlenda umerudishiwa cheo chake."

Alizeti yake ilikuwa wapi? Aliiuza yote Juni. Mahindi je? Nayo aliuza Juni magunia mawili, kwa hesabu ya shilingi 12,000 kwa debe. Januari alikuwa akinunua debe moja kwa shilingi 22,000.

Mtu wa mbali angeweza kusema mama hakupanga mambo yake. Tuitazame hesabu yake ya Juni. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka huohuo, nasi tulishukuru, ila fomu ya kujiunga ilitaja pia godoro, sanduku, sare, viatu na vifaa vya usafi, na juu yake kulikuwa na nauli mpya. Trekta iliyolima Desemba ilikuwa bado inadaiwa. Mimi mwenyewe miezi michache baadaye nilikuwa naanza falsafa, nikahitaji nauli, mashuka na vitabu. Kulikuwa na mchango wa ujenzi wa kigango. Kila kimoja kilikuwa na tarehe yake, na tarehe hazikumuuliza mtu kama soko ni zuri.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa sababu hiyo watu huvuna pamoja na kuuza pamoja, soko linafurika na bei inaanguka. Januari na Februari vihenge vimebaki vitupu, watu wananunua pamoja, na bei inapaa. Shilingi 10,000 zilizozidi kwenye kila debe ndizo gharama ya kusubiri miezi saba. Mama alizilipa kwa kuuza kwa bei ya chini, kisha kununua kwa bei ya juu.

Muhula uliotangulia likizo ile, tulikuwa tumefundishwa habari za Thales wa Mileto, ambaye mwanafunzi wa falsafa hukutana naye kabla ya wengine wote. Aristotle anasimulia katika kitabu chake cha Siasa kwamba watu walimdharau Thales kwa umaskini wake, wakisema falsafa haina faida. Thales, kwa elimu yake ya nyota, akatambua mapema kwamba zeituni zitazaa sana mwaka ule. Wakati wa baridi, kabla msimu haujafika, akatoa fedha kidogo alizokuwa nazo akakodi mashine zote za kukamulia mafuta za Mileto na Chios. Hakuna aliyeshindana naye, kwa hiyo alizipata kwa bei ya chini. Mavuno yalipofika kila mtu akazihitaji kwa wakati mmoja, naye akazikodisha kwa bei aliyoitaka.

Darasani tulicheka, tukafurahi kusikia kwamba mwanafalsafa naye anaweza kutajirika akitaka. Nilimkumbuka Thales tena nikiwa nyumbani Januari ile, na mara hii mawazo yangu yalikwenda kwa wenye zeituni. Hadithi haisemi lolote juu yao. Thales hakumwibia mtu. Alikuwa na fedha siku ambayo wengine hawakuwa nazo, na aliweza kukaa akingoja.

Kwetu Thales ana lori. Mnunuzi wa mazao kijijini ni mwanajumuiya mwenzetu, na siwezi kumwita mtu mbaya. Ananunua dizeli, analipa wapakiaji, dumuzi wanamlia mahindi, na soko humgeukia hata yeye: mwaka 2023 bei ya alizeti ilishuka sana, wakulima wa Singida wakalalamika, na yeye akabaki na magunia aliyoyanunua ghali mwanzoni mwa msimu. Kukiwa na harambee ya kigango, yeye ndiye anayetoa kiasi kikubwa, na tunampigia makofi. Nilipokuwa nikipiga makofi Desemba iliyopita, nilijiuliza ni kiasi gani cha fedha ile kilitoka kwenye madebe ya Juni, ya watu walewale waliokuwa wakipiga makofi pamoja nami.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analigusa jambo hili katika Summa, anapozungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Anafundisha kwamba kuuza kitu ghali kuliko thamani yake, au kukinunua kwa bei ya chini kuliko thamani yake, ni kukosa haki. Anaongeza kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, kwa kuwa shida ile ni ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Mimi nimeligeuza neno hilo upande wa pili: anayenunua naye hana haki ya kushusha bei kwa sababu mwenye mahindi ana fomu ya shule mkononi. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alisema jambo linalofanana kuhusu mfanyakazi: akikubali masharti magumu kwa kuwa hana njia nyingine, amelazimishwa, hata kama amesema ndiyo kwa kinywa chake. Mama yangu naye alisema ndiyo.

Mafundisho haya ni mazuri, lakini debe halijai kwa mafundisho. Nchi ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao kazi yake ni kununua mazao na kuyahifadhi, kisha kuyatoa wakati wa upungufu. Maana yake taifa limekubali kwamba mtu asiyeweza kusubiri anahitaji kusaidiwa kusubiri. Swali lililobaki kwetu lilikuwa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo yenye kaya 20 na kitu inaweza kufanya nini.

Julai 2023, baada ya sala ya jumuiya, mwenyekiti alilileta. Pendekezo lilikuwa kila kaya inayoweza iweke debe mbili za mahindi au mtama kwenye chumba cha kigango, katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hawaishi ndani yake. Januari mwenye shida akope debe, arudishe debe wakati wa mavuno, na kisado kimoja juu yake.

Mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja aliuliza nani atashika ufunguo. Mwingine akataja panya. Katekista akanigeukia: "Frateri, wewe ndiye unayesoma. Hicho kisado si riba?" Nilimjibu kadiri nilivyoelewa: kama kisado kinafidia panya, mifuko na punje zinazopotea, ni fidia, kikigeuka kuwa faida ya mtu, tutakuwa tumehamisha lori kutoka barabarani na kuliingiza kigangoni. Walikubaliana kitumike kununulia mifuko tu.

Kisha mama mmoja mjane, aliyekaa karibu na mlango, akasema, "Mnaongea vizuri. Mimi debe la kuweka sina. Nimeshauza." Palikuwa kimya kidogo. Utaratibu wote ulikuwa umepangwa kwa wenye chochote cha kusubirisha, na yeye hakuwa nacho. Iliamuliwa asiyeweka aruhusiwe kukopa kama aliyeweka, na yeye awe wa kwanza. Wapo waliokwenda nyumbani wakinung'unika, na sikuwashangaa.

Jambo la pili lilikuwa rahisi zaidi, na nadhani liko ndani ya uwezo wa kila parokia. Tuliomba michango isiyo ya lazima mwezi Juni isogezwe mpaka Septemba, na kwamba atakayependa atoe kwa mazao yenyewe. Baba Paroko alikubali. Kiasi cha mchango hakikupungua hata shilingi, lakini haja moja ya kuuza haraka iliondoka.

Hatukuyamaliza yote. Januari na Februari 2024 sukari iliadimika nchini, kwa kuwa mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, na bei ikapanda hadi watu wakanywa uji bila sukari. Chumba cha kigango hakikuwa na jibu la sukari, wala la nauli, wala la dawa. Ila mahindi yalikuwepo, na kaya saba zilikopa. Mama yangu hakuwa miongoni mwao: alikuwa ameacha gunia moja la mahindi ndani, na gunia moja la alizeti alilipeleka mashineni badala ya kuliuza. Lilitoa mafuta yanayokaribia debe zima. Mwenye mashine akabaki na mashudu kama malipo yake.

Sisi tunaojiandaa kuwa mapadre tutasimama mara nyingi mbele ya waamini tukitangaza michango. Huwa tunafikiria sana kiasi gani watu watoe. Ningeomba tufikirie pia ni mwezi gani tunawaomba, na wanauza nini ili watupatie.

Juni ilipofika, yule mama mjane alirudisha debe lake na kisado chake. Aliomba apimiwe mbele ya watu, na katekista akampimia.