Amsterdam Bila Nauli: Kulizuru Jumba la Picha kwa Simu

Ndugu msomaji, safari ninayokualika leo haina haja ya pasi, viza wala cheti cha chanjo. Yataka simu janja, intaneti, na saa moja ya Jumapili alasiri, vyombo vikiwa vimeshaoshwa na watoto wakiwa bado hawajaanza kugombea mkeka. Twendako ni Amsterdam, mji wa mifereji katika nchi ya Uholanzi, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Dar es Salaam. Huko tutalizuru jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum, lenye picha za rangi za mafundi wakubwa wa karne ya 17.

Ila nakuomba macho yako yasiishie kwenye picha. Umfikirie pia mtu ambaye hatatokea mahali popote: yule aliyeibuni programu ya simu inayotuongoza. Katika ziara ya namna hii yeye ndiye dereva, ndiye bawabu, na ndiye mshika taa. Akiifanya kazi yake vyema hutamkumbuka kabisa. Akiifanya vibaya, kifurushi chako cha intaneti kitakwisha ungali unazunguka ukumbini ukitafuta mlango.

Ziara hizi si jambo la jana. Tarehe 1 Februari 2011 kampuni ya Google ilifungua mradi wake wa sanaa, ambao leo hujulikana kwa jina la Google Arts & Culture, ukianza na majumba 17 ya Ulaya na Marekani. Rijksmuseum lilikuwa mojawapo. Kigari chenye kamera za kutazama pande zote kilisukumwa ukumbi hadi ukumbi, na picha zilizopigwa zikaunganishwa hata mtazamaji akaweza kusonga mbele na kugeuka kana kwamba yumo ndani. Katika baadhi ya majumba utakuta fremu ukutani ambayo ndani yake pametanda ukungu. Usiilaumu simu yako. Hiyo ni picha ambayo haki zake zingali mikononi mwa mchoraji au warithi wake. Tuuweke akilini ukungu huo, kwani tutaurudia.

Basi tumefika. Jengo lilisanifiwa na Pierre Cuypers na kufunguliwa mwaka 1885. Lilifungwa kwa matengenezo makubwa mwaka 2003, na milango yake haikufunguliwa tena kwa ukamilifu hadi Aprili 2013. Chini yake, katikati kabisa, hupita njia ya wazi ambayo waendesha baiskeli hukatiza kila siku. Matengenezo yalipotishia njia hiyo, wenye baiskeli walisimama kidete kuitetea, na wakashinda. Ni jumba la kifalme kwa sura, lakini mtu na baiskeli yake hupita tumboni mwake bila kumwomba mtu ruhusa!

Mgeni aliyekwenda kwa miguu yake hujua alikoingilia, na sauti za watu humwelekeza kwenye ukumbi mkubwa. Mgeni wa simu hana kitu isipokuwa mishale. Hubonyeza mmoja akajikuta anatazama dari. Hubonyeza mwingine, akapaa na kutua chumba asichokitaka. Hapa ndipo mbuni wa programu anapopimwa kwa mara ya kwanza. Mgeni lazima ajue wakati wote yuko wapi, ametoka wapi, na atarudije. Ramani ndogo ya ghorofa pembeni mwa kioo, yenye alama ya pale uliposimama, yatosha kumwondolea mtu wasiwasi. Yatosha pia kitufe kimoja cha kurudi, kisichobadilisha mahali pake kila ukurasa. Na picha isizunguke yenyewe, maana wapo watu ambao hushikwa na kizunguzungu kama waliopanda chombo siku ya kusi, nao huifunga simu wasiifungue tena.

Tufuate sasa Ukumbi wa Heshima hadi mwisho wake. Hapo ndipo lilipo Lindo la Usiku, picha aliyoimaliza Rembrandt mwaka 1642. Ni kikosi cha mgambo wa mji wa Amsterdam, wakijipanga kutoka. Mbele yupo Kapteni Frans Banninck Cocq, amevaa nguo nyeusi na mshipi mwekundu begani; kando yake luteni wake, Willem van Ruytenburch, yu katika mavazi ya rangi ya manjano iliyopauka. Ikuze picha uone mkono wa kapteni ulionyooshwa: kivuli chake kimeangukia koti la luteni. Kivuli hicho chatuonyesha kwamba jua limewaka, wala si usiku. Jina la Lindo la Usiku lilikuja baadaye sana, vanishi na uchafu vilipoifanya picha kuwa ya giza. Nyuma kidogo pana msichana mwenye nuru, kuku akining'inia kiunoni pake miguu juu. Mwaka 1715 picha ilihamishiwa Baraza la Mji na, kwa kuwa ukuta ulikuwa mfupi, wakaikata pande zote nne! Vipande hivyo havijaonekana hadi leo.

Katika ukumbi huohuo yupo Mwanamke wa Maziwa wa Johannes Vermeer, aliyechorwa mnamo mwaka 1660. Mtumishi wa jikoni, mikono imekunjuliwa, anamimina maziwa taratibu kutoka kwenye mtungi. Mezani pana mikate. Ukutani, juu ya kichwa chake, pana msumari usiotundikwa kitu. Nakiri kwamba mimi humpenda huyu kuliko mgambo wote wa Rembrandt, na sidhani kwamba mama yeyote aliyeamka alfajiri kuwasha jiko atanishangaa.

Lakini angalia simu inavyotudanganya. Lindo la Usiku lina urefu wa karibu mita 3.8 kwenda juu na upana wa mita 4.5; ni ukuta mzima wa nyumba. Picha ya Vermeer ina sentimita 45 na ushei kwa 41, unaweza kuikwapa. Kwenye kioo cha simu zote mbili hulingana, zikienea kiganja. Mgeni asiyeambiwa ataondoka akiamini amewaona ndugu pacha. Kuandika vipimo chini ya picha hakusaidii sana. Ni nani ayakumbukaye? Ninachokiona kuwa bora ni mbuni kuchora kivuli cha mtu aliyesimama kando ya picha. Kwa Rembrandt kivuli hicho kitaonekana kama mtoto mbele ya ghala, na mtazamaji ataelewa papo hapo.

Lipo pia suala la gharama, na kwa sisi tunaonunua intaneti kwa vifurushi si suala dogo. Januari 2022 Rijksmuseum ilitoa taswira ya Lindo la Usiku iliyounganishwa kutokana na picha 8,439, yenye nukta bilioni 717. Hakuna simu iwezayo kuibeba taswira hiyo nzima. Ujanja uliotumika ni wa fundi vigae. Taswira hukatwa vipande vidogo vya mraba, kwa viwango mbalimbali vya ukubwa. Ukiitazama kwa mbali simu huleta vigae vichache visivyo na mambo mengi, na ukikisogelea kidole cha kapteni huletwa vigae vya kidole hicho tu. Kwa hiyo unalipia unachokitazama. Mbuni mwenye huruma huongeza mambo mawili: humwambia mgeni kabla hajaanza ziara itamla kiasi gani cha kifurushi, na humruhusu kuhifadhi chumba kimoja kwenye simu akatazame baadaye bila intaneti. Programu inayofungua filamu yenyewe, kwa muziki, kabla mgeni hajaomba, haina adabu.

Haitoshi programu imfae kijana wa macho makali pekee. Bibi asiyeona vizuri ataka maandishi yanayokuzwa na yasiyopauka juu ya mandhari iliyopauka. Mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kazi ataka vitufe vipana. Asiyeona kabisa ataka maelezo ambayo simu itamsomea: nani yupo kwenye picha, anafanya nini, mwanga watoka wapi. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, baba aweza kumsomea mwanawe bila kukwama, na mtoto akauliza kuku yule anafanya nini pale.

Je, na sisi? Vijana wetu wanaosomea ubunifu wa programu waweza kuanzia karibu. Picha za Tingatinga, zilizoasisiwa na marehemu Edward Saidi Tingatinga kwa rangi za mafuta juu ya vibao, hung'aa; zikipigwa picha kwa taa ya mbele huwa ni doa jeupe tu, hivyo taa hazina budi kuwekwa pembeni. Kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, watu waliopandiana kama mnara katika gogo moja la mpingo, hakionekani kwa picha moja. Chapasa kupigwa picha nyingi kwa kukizunguka, juu na chini, ndipo programu iziunganishe na mtazamaji akigeuze kwa kidole.

Ugumu wenyewe hauko kwenye kamera. Rembrandt alifariki mwaka 1669, na Rijksmuseum huweza kutugawia picha zake bure bila kumnyima mtu chakula. Mchoraji wa leo wa Oysterbay yu hai, ana kodi ya nyumba na ada ya shule, na mtu akichukua taswira safi ya kazi yake aweza kuichapa kwenye fulana elfu moja asimpe hata senti. Ule ukungu wa kwenye fremu, uliotuudhi hapo mwanzo, ndio ulinzi wake. Mbuni atakayetengeneza ziara ya sanaa yetu hana budi kuketi kwanza na wachoraji vibandani mwao, na kukubaliana nao kwa maandishi taswira itolewe kwa ukubwa gani, jina la nani litaandikwa chini yake, na fedha ya kiingilio, kama ipo, itagawanywaje. Katika ukurasa wa kila picha kiwepo kitufe kipana, chenye maandishi ya Kiswahili, kinachompeleka mtazamaji moja kwa moja kwa mchoraji mwenyewe akanunue.