Mmemleta Bi Mkubwa Kulea Tu?

Hebu tuulizane bila kuoneana aibu: mzazi wako alipokuja mara ya mwisho kukusaidia mtoto, ulimtembeza wapi? Kliniki na sokoni hakuhesabiki.

Jibu langu mimi lilikuwa fedheha tupu. Julai 2023 mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Lushoto, alikuwa ametimiza miezi mitatu kwetu Oakland, California. Alikuja kumpokea mjukuu. Asubuhi mimi na mume wangu tunakimbilia kazini, yeye anabaki na mtoto, televisheni asiyoielewa na dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa. Jioni tunarudi hoi, tunakula alichopika, tunalala. Maisha ya ughaibuni, si mnayajua tena!

Usiku mmoja nikamkuta jikoni, amekaa gizani.

"Mwanangu, nikatieni tiketi nirudi."

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Nimechoka kuwa yaya."

Mwenzenu sikupata usingizi. Mimi na mzee tukagombana kwa kunong'ona, ule ugomvi wa watu wenye flati ndogo na mkwe chumba cha pili. Yeye akasema nimemtumikisha mama yangu. Mimi nikamwambia miezi mitatu hajazungumza naye zaidi ya "shikamoo mama". Akanijibu, "Mama mkwe wangu yule, unataka nipige naye soga?" Kwa tulivyolelewa, hakukosea. Lakini nyumba ilishapoa.

Aliyetuokoa ni dada mmoja ninayefanya naye kazi. Akaniambia kila kiangazi humpeleka mama yake kusikiliza wahifadhi wakielezea misitu. Kumbe wenzetu wana mazoea haya siku nyingi. Mwaka 1975 huko New Hampshire, Marty Knowlton na David Bianco walianzisha mpango ulioitwa Elderhostel. Wanafunzi wakiwa likizo, vyuo vitano vilipokea wazee 220, wakalala mabwenini na kuhudhuria masomo kama vijana. Siku hizi mpango huo unaitwa Road Scholar. Kuna pia taasisi za Osher kwenye vyuo vingi vya Marekani, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, wanaosoma kwa raha zao bila mtihani. Na kwa asiyetaka darasa refu, kuna mazungumzo mafupi ya wahifadhi kwenye hifadhi za taifa.

Jumamosi ile tukamwambia mama avae, tunatoka.

MITI INAYOKUNYWA UKUNGU

Muir Woods iko kaskazini ya San Francisco, kama saa moja kwa gari kutoka kwetu. Barabara inapinda pinda mpaka unamkumbuka dereva wa basi la Mombo kwenda Lushoto. Mama hakusema neno. Tuliposhuka, watalii waliovaa kaptula walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Mama yangu, na sweta lake na kanga mabegani, ndiye peke yake aliyevalia hali ya hewa. Akavuta pumzi. "Hapa pananuka kwetu," akasema.

Miti yenyewe inaitwa redwudi, na mingine hapo inapita mita 75 kwenda juu. Unainua kichwa mpaka shingo inauma, kilele hukioni. Mingi ina umri wa miaka 600 hadi 800. Msitu huu ungekatwa kama mingine ya jirani, ila mwaka 1905 William Kent na mkewe Elizabeth walinunua eneo hilo, kisha sehemu yake wakaipa serikali, na mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza kuwa hifadhi. (Mnaopendana mnasikia? Wenzenu walinunua msitu!)

Mhifadhi, dada mwenye kofia pana, alikuwa amezungukwa na wasikilizaji, wengi wao vichwa vyeupe. Nilipanga nimtafsirie mama. Wapi! Mtoto akaanza kulia, nikatoka naye kando. Nilipogeuka nikamwona mume wangu ameinama sikioni kwa mama mkwe wake, anatafsiri sentensi baada ya sentensi.

Mbegu ya mti huu ni ndogo kama ya nyanya. Gome lake nene huukinga na moto. Mizizi yake haiendi chini sana, kama mita nne tu, lakini hutambaa mbali na kushikana na ya majirani, ndiyo maana hauanguki ovyo.

Mama akanyoosha mkono, kama mwanafunzi. Kupitia kwa mkwe wake akauliza: kama kiangazi hapa mvua hainyeshi, mti mkubwa namna hii unakunywa nini?

Mhifadhi akatabasamu. Ukungu, akasema. Unatoka baharini, unanasa kwenye majani, unadondoka mizizini, na majani yenyewe hunyonya. Karibu theluthi ya maji ya mwaka mzima yanaweza kutoka humo.

Halafu akatuonyesha miti iliyosimama kwa duara, katikati pako wazi. Mti mama ulikufa zamani, na haya ni machipukizi yaliyoota kutoka mizizi yake. Hapo mama akashindwa kujizuia. "Mwambie, baba, na mkulo wa kwetu Magamba unafanya hivyo hivyo. Ukikatwa, watoto wanaota kwenye mizizi pembeni." Mume wangu akatafsiri. Mhifadhi akatoa kidaftari akamwomba amtajie jina taratibu. M-ku-lo. Wazee wote wakageuka kumtazama mama yangu, na yeye akasimama kama yuko mbele ya darasa la tano.

SAN FRANCISCO, 1945

Mbele kidogo, mahali panapoitwa Cathedral Grove, kibao kinaomba watu wanyamaze. Pana bamba la kumbukumbu. Mei 19, 1945, wajumbe waliokuja San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa walikusanyika hapo kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt, aliyefariki mwezi uliotangulia.

Mume wangu alipomaliza kumsomea, mama alikaa kimya muda mrefu.

"Miaka zaidi ya thelathini nimeandika ubaoni 'Umoja wa Mataifa, San Francisco, 1945'," akasema. "Mmenikalisha miezi mitatu hapa jirani, hakuna aliyeniambia."

Sikuwa na la kujibu. Mume wangu ndiye aliyejibu: "Utusamehe, mama."

Mama hakubadili tarehe ya tiketi, aliondoka Septemba kama ilivyopangwa. Ila kila Jumamosi iliyobaki ilikuwa yake, na mtoto tulimbeba sisi. Uwanja wa ndege akamwambia mkwe wake, "Mkija Lushoto nitawatembeza Magamba mwenyewe. Wewe kazi yako kutafsiri." "Nitamtafsiria nani, mama?" "Mkeo. Kishambaa kinampotea."

KABLA HAMJATOKA

Maegesho au basi la Muir Woods lazima uweke nafasi mapema. Ni utaratibu wa tangu 2018. Chapisha risiti kabisa, maana ukifika simu haishiki mtandao. Beba sweta hata Julai. Njia kuu ni tambarare, magoti ya wazee hayana shida. Mkeshe mbele, karibu na msemaji, na atafsiriwe na yule asiyemzoea.

Na mlioko nyumbani, California si lazima. Msitu wa Magamba upo pale pale juu ya Lushoto, na ukungu wake ni wa bure.