Bima Ipo, Pesa Hazitoki

Aurora, Colorado

Wapendwa wa nyumbani,



Shangazi aliniuliza kwenye simu swali ambalo najua wengi mnalo: gari lililomgonga mdogo wangu lilikuwa na bima, la kwake lilikuwa na bima, na Marekani inasifika kwa sheria, sasa mbona hadi leo hajalipwa? Naomba niwajibu wote kwa pamoja.

Huku dereva analazimika kukata bima ya kumlipa atakayemuumiza, ila sheria ya Colorado inaridhika na kiwango cha chini cha dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, na dola 50,000 kwa ajali nzima hata wakiumia watu watano. Ukiwa nyumbani utaziona pesa nyingi. Huku mtu akivunjika nyonga, akapasuliwa na kulazwa, zinaisha kabla hajaanza kujifunza kutembea upya. Aliyemgonga pale Colfax Avenue, mdogo wangu akitoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, alikuwa na kiwango hicho hicho cha chini. Kampuni ya bima ya dereva yule iko tayari kutoa kiasi hicho chote, na haidaiwi zaidi. Yeye mwenyewe hana nyumba wala akiba. Ukimshitaki utapata hukumu, pesa hutaziona.

Kwa ajili hiyo ipo bima ya pili, unayoinunua ili ikulinde wewe mwenyewe. Aliyekugonga akiwa hana bima, au bima yake haitoshi, kampuni yako inajazia hadi kiwango ulicholipia, hata kama uligongwa ukitembea kwa miguu. Hapa Colorado inaingizwa kwenye mkataba, isipokuwa mteja aikatae kwa maandishi. Na wengi wetu tunaikataa! Wakala anakwambia ukiitoa hii malipo ya mwezi yatapungua, nawe unafikiria ada za watoto, unasaini. Mdogo wangu hakuikataa. Nilipouona mstari ule kwenye hati yake nilimshukuru Mungu.

Taabu ilianzia hapo. Kampuni aliyokuwa akiilipa kila mwezi bila kukosa sasa inasimama mahali pa yule dereva, na inaruhusiwa kubishana na mdogo wangu kuhusu kosa lilikuwa la nani na ameumia kiasi gani. Afisa wa madai alimpigia akiwa bado kitandani hospitalini. Kwa sauti ya upole aliomba ruhusa ya kurekodi mazungumzo, kisha akamuuliza anajisikiaje. Mdogo wangu akajibu kama tulivyolelewa: nzuri tu, namshukuru Mungu. Miezi kadhaa baadaye jibu hilo lilirudi kwenye barua ya kampuni kama ushahidi kwamba hakuumia sana. Wakaomba rekodi zake za matibabu za zamani, wakakuta aliwahi kulalamikia mgongo kwa kuinua wagonjwa, wakasema basi maumivu haya ni yale yale. Afisa akabadilishwa, faili likaanza kusomwa upya. Ofa ya kwanza ilikuja kodi ya nyumba ikiwa imeshapitiliza, nayo ilikuwa ndogo mno.

Sisemi kampuni isihoji. Wapo wanaodanganya, na kubishana juu ya kiasi ni haki yake. Lakini kukalia pesa ambazo yenyewe inakiri kuwa ni zako, ikisubiri njaa ikulegeze, ni dhuluma. Sheria ya hapa inaliona jambo hilo hivyo pia: tangu 2008, mteja aliyecheleweshewa au kunyimwa mafao bila sababu ya msingi anaweza kudai mara mbili ya mafao hayo, pamoja na gharama za wakili. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kesi ya mtu ambaye gharama zake za hospitali, zaidi ya dola 60,000, zilikubaliwa na kampuni yake, lakini zikazuiliwa kwa sababu walikuwa bado wanavutana kuhusu mshahara aliopoteza. Majaji wakasema sehemu isiyo na ubishi ilipwe, ubishi uendelee kwenye hiyo nyingine. Ndugu zetu wa Houston hawana bahati hiyo. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua 2006 kwamba mkataba hauibani kampuni kulipa mpaka hukumu ithibitishe kosa la dereva mwingine na kwamba bima yake haikutosha.

Mdogo wangu sasa ana wakili, atakayechukua theluthi ya malipo wakishinda. Kabla ya kupokea pesa za yule dereva, wakili aliiandikia kwanza kampuni ya mdogo wangu kuomba idhini, isije ikapata kisingizio cha kutolipa. Simu zimekoma, kila kitu sasa ni barua.

Mchango mliotuma ulilipa kodi ya nyumba. Ndio uliomwezesha kuikataa ofa ile, na kesi imeshafunguliwa. Vijana mnaokuja, nitumieni hati ya bima niisome kabla hamjasaini, hata ikiwa usiku wa manane.

Ndugu yenu,
wa Aurora