Bwana Msa Ndani ya Simu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu wenye mvi hulipita kwa kusonya tu, nalo ni magemu, yaani michezo ya kwenye kompyuta na simu. Kijana mmoja wa hapa Mikese, niliyemsomesha chuoni na ambaye sasa anajifunza kazi za kompyuta Morogoro mjini, aliniuliza kama kuna ubaya kuzigeuza riwaya za Bwana Msa ziwe gemu. Jawabu yangu naitoa mbele yenu nyote, maana watoto wa nyumba zenu nao wanacheza.

Bwana Msa mnamjua. Alimbuni marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na watu wakamsoma katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Kisha vikafuata vingine, kama Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Kiko chake na sahibu yake Najum vyatukumbusha Sherlock Holmes na Dokta Watson wa Uingereza, lakini mambo anayopambana nayo ni ya kwetu. Maiti yakutwa penye mzimu, watu wasema mizimu imeua, naye hakubali mpaka atazame, aulize na apime.

Mwendo huo si mgeni katika dini yetu. Tazama Sura ya Yusuf. Nduguze walimpelekea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wametaja kwamba Nabii Yaakub aliwatambua kwa kuwa kanzu ilikuwa nzima. Mbwa mwitu gani huyo amlaye mtu asiichane nguo yake? Kisha huko Misri Yusuf akasingiziwa, na kanzu tena ikawa shahidi: ilitazamwa ikaonekana imechanwa nyuma, ikajulikana kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikimbia. Na katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari ya mtu fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na humo humo tumekatazwa dhana mbaya na kupekua aibu za watu. Mpelelezi mwema yu baina ya amri hizo.

Pengine utasema, basi gemu la namna hii ni heri tupu. Polepole, ndugu yangu. Mwaka jana hapa Mikese mama mmoja muuza nyanya alipotewa na simu. Vijana waliokuwa barazani wakicheza gemu la kumsaka muuaji waliinuka wakamzunguka mbeba mizigo mmoja, mgeni, kwa sababu tu alipita karibu, na mmoja wao alikwisha okota jiwe. Wazee tukaingia kati tukauliza ni nani aliyeona. Hakuna aliyeona. Simu ikaja kukutwa ndani ya tenga la nyanya la mama mwenyewe. Vijana wakarudi barazani, na yule mgeni akafunga virago vyake jioni ile ile. Hatujamwona tena, wala sikumsikia mtu akimtaka radhi.

Kwa nini gemu halikuwafunza? Kwa sababu ndani ya gemu kosa halimwumizi mtu. Liko gemu moja mashuhuri la Sherlock Holmes, Crimes and Punishments, lililotolewa 2014. Mchezaji hukusanya dalili, huziunganisha, kisha humtuhumu amtakaye. Akikosea aweza kurudi nyuma akahukumu upya. Duniani hakuna kurudi nyuma. Vikongwe waliouawa Shinyanga na Mwanza kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa wekundu wa macho ulioletwa na moshi wa jikoni, hawakurudishiwa uhai wao.

Kwa hivyo nilimwambia kijana wangu: fanya, lakini ushike mambo mawili.

La kwanza ni amana. Mwandishi alifariki 1991, na vitabu vyake vina wenyewe. Nenda ukaombe idhini. Na ujue kuwa gemu la 2005 lililotokana na riwaya ya Agatha Christie ya 1939, And Then There Were None, lilimbadilisha muuaji. Twaweza kuifahamu sababu, maana aliyekwisha kusoma kitabu hana la kutafuta. Ukibadili nawe, mwambie mchezaji waziwazi kuwa hilo ni lako, usimtwike marehemu maneno asiyoyasema.

La pili ndilo kubwa. Ifanye tuhuma iwe nzito. Mchezaji akimtaja asiye na kosa, mwonyeshe mtu huyo akifukuzwa kazi, majirani wakimkwepa, watoto wake wakizomewa njiani. Wala usimpe nafasi ya kulifuta kosa lake kwa kubonyeza kidole. Akitaka kuendelea, aendelee nalo. Hapo ndipo atakapojua kwa nini sheria yetu imemtaka mwenye kudai alete ushahidi, na kwa nini adhabu kubwa huondoshwa panapoingia shaka.

Nanyi wazazi, msitosheke na kuwanyang'anya watoto simu. Kaa na mwanao anapocheza, na akisema, "Ni huyu," mwulize, "Umejuaje?" Mwulize hivyo hivyo anapokuja nyumbani na habari za jirani. Nasi watu wazima tuulizane, kwani wanaookota mawe wamejifunza kwetu.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na azihifadhi heshima za waja wake. Amin.